Shangazi Gundi na Pazia Jeupe

Watu wengi wakimtazama Shangazi akicheza kriketi husinzia. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Hata mimi nimelala mara nyingi pembeni ya uwanja, kichwa juu ya begi la shule, huku sauti ya gongo lake ikinifikia kama mtu anayebisha hodi taratibu kwenye mlango wa mbali. Tok. Kimya. Tok. Naota ndoto moja inaisha, naanza nyingine, na nikifumbua macho namkuta palepale mbele ya vijiti vyake vitatu, kofia imemfunika nyusi, magoti kayakunja kidogo, kama picha ambayo mtu kasahau kuibandua ukutani. Warushaji wanabadilishana. Wenzake wanatolewa mmoja mmoja, wanarudi wakiburuta magongo. Jua linahama. Yeye hahami. Ndiyo maana klabuni walimpa jina la Gundi.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, si mgumu kama unavyosemwa. Mrushaji anakuja mbio na kurusha mpira wa ngozi, mwekundu, mgumu kama jiwe la kusugulia miguu. Mpigaji ana gongo bapa, na nyuma yake ana vijiti vya kulinda. Mpira ukiviangusha, katoka. Akiupiga juu na mtu akaudaka kabla haujagusa nyasi, katoka. Akiupiga ukaenda mbali, yeye na mwenzake wanakimbia kubadilishana ncha, na hiyo ndiyo mikimbio wanayohesabiwa. Ukivuka mpaka wa uwanja, hata kukimbia hakuna haja. Basi wapo wanaopiga mpaka watu wanasimama na kushika vichwa, na wapo wanaobaki. Shangazi hubaki.

Ni dada yake baba. Anaishi nasi, chumba cha nyuma, na tangu amalize shule anafanya kazi kwa dobi, upande wa kupiga pasi. Nikitoka shule napitia pale, nakaa juu ya kapu la nguo lililopinduliwa, namtazama. Mvuke unapanda hadi darini na kuizunguka taa, taa inakuwa kama mwezi ulioloa. Shuka za hoteli na za hospitali zinaingia zimejikunja kama karatasi iliyotupwa, zinatoka zimelala kimya. Pasi inakwenda, inarudi, inakwenda. Hainyanyuki bila sababu. Ukiitazama muda mrefu, chumba kizima kinaanza kuelea, na wewe ndani yake.

Siku moja nilimuuliza, "Shangazi, mpigaji mkubwa ni yupi? Anayebaki au anayependeza?"

"Anayebaki," akasema bila kuinua macho. "Utapendezaje na umeshatoka?"

"Na anayebaki bila kupendeza?"

Pasi ikasimama. Ikatoa pumzi ndefu ya mvuke.

"Shika ncha hiyo tukunje," akasema.

Nikashika. Lakini niliona kwamba swali limeingia mahali.

Kriketi aliifunzwa hapohapo kazini, uani, kwenye kamba za kuanikia. Mwenye duka wa wakati ule, mzee waliyemwita Babu Povu kwa sababu ya sabuni na kwa sababu ya kelele zake, alikuwa mrushaji enzi zake. Mchana, nguo zikiwa juani, aliwapanga wafanyakazi katika vichochoro vilivyobaki kati ya shuka na shuka, akapindua ndoo iwe badala ya vijiti, akaanza kurusha. Sheria yake ilikuwa moja. Ukiichafua shuka, unaifua upya, kwa mkono, na wenzako wanakaa kukutazama. "Gusa shuka, rudi kwenye beseni!" Shangazi akiigiza sauti hiyo mishipa ya shingo inamsimama.

Fikiria kujifunza mahali kama hapo. Kushoto weupe, kulia weupe, mbele kichochoro chembamba cha mwanga, na upepo ukivuma kuta zenyewe zinakusogelea. Huwezi kupiga juu. Huwezi kupiga pembeni. Hata gongo lenyewe ukiliachia lizunguke baada ya kuugusa mpira litanasa kwenye nguo. Wengine walichoka, wakarudi kucheza karata. Shangazi akajifunza kuukuta mpira chini ya macho yake, kuugusa, na kulikatisha gongo papo hapo, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto. Babu Povu alishahamia kwa bintiye, viungo vimemchosha, ila pigo lile lilibaki mkononi mwa Shangazi. Ni pigo salama kuliko yote niliyowahi kuona. Pia ndilo linalolaza watu.

Mama, ambaye ni wifi yake na hajawahi kupitwa na nafasi ya kumtania, husema, "Wifi, wewe hata kicheko chako kimepigwa pasi."

"Afadhali changu," Shangazi humjibu, "chako kimeanikwa nje, kila mpita njia anakiona."

Wanacheka wote wawili. Lakini kuna jambo moja Mama hakuligusa kamwe kwa utani, nalo ni timu ya jimbo. Shangazi aliitamani timu ile tangu mimi sijazaliwa. Kila msimu walipokuja kuchagua, jibu lilirudi lilelile: "Gundi ni mzuri, lakini." Sentensi iliishia hapo. Hakuna aliyemwambia baada ya lakini kuna nini, naye hakuuliza. Sijapata kuona neno dogo likimkaa mtu kooni namna ile.

Mwaka huu ilitangazwa kwamba jimbo linatafuta mpigaji mmoja wa kufungua, yaani mmoja wa wale wawili wanaoingia kwanza wakati mpira bado mpya na warushaji bado wana hasira. Walioitwa kwenye mechi ya majaribio walitoka klabu mbalimbali. Kutoka kwetu waliitwa wawili, Shangazi na Fataki.

"Wakiniacha safari hii," Shangazi alisema akijipaka dawa kwenye goti linalolia kama bawaba, "gongo langu nalifanya kibao cha kufulia." Alisema kama mzaha. Hakuna aliyecheka.

Fataki ni msusi, saluni yake inatazamana na duka la dobi. Hajawahi kusuka vichwa viwili vikafanana. Uwanjani yuko vivyo hivyo. Anaupiga mpira akiwa ameinama, akiwa ameruka, mara nyingine nadhani hata akiwa amefumba macho, na akimaliza analizungusha gongo kidoleni kama anayefukuza nzi. Siku zake zikiwa njema hakuna anayekumbuka kupumua. Siku zikiwa mbaya anatoka kabla hujapata mahali pa kukaa. Klabuni watu hugombana juu yao. Wa Gundi wanasema mpigaji mkubwa ni yule unayeweza kwenda dukani, ukarudi, ukamkuta. Wa Fataki wanasema wewe nenda hukohuko dukani, sisi tunabaki kutazama.

Nilidhani watachukiana, maana nafasi ni moja. Kumbe Fataki alivuka barabara jioni ileile, kitana kimechomekwa kwenye nywele za kisogoni, akaingia uani kwa dobi bila hodi.

"Dada Gundi, njoo nikuonyeshe kitu. Naona aibu kushinda mtu aliyefungwa kamba."

"Nani kafungwa kamba?"

"Wewe. Ukishaupiga mpira unalirudisha gongo haraka kama umeliiba. Liache liende! Umeshaupiga, unaogopa nini tena?"

Akampa gongo, akanipa mimi mpira nirushe. Tulikuwa kati ya shuka zilizokwishakauka, jua limekuwa la rangi ya chai, na kila kitu kilionekana kama kinatokea nyuma ya pazia. Nikarusha. Tok. Gongo likasimama palepale. Nikarusha tena. Tok.

"Liache!" Fataki akapiga kelele.

"Naliacha!"

"Huliachi! Mkono unakatika kama umeme!"

"Sio mimi, mkono ndio unakataa," akasema Shangazi, na nikaona amekasirika kweli, hasira ya mtu anayesukuma mlango wa nyumba yake mwenyewe na haufunguki. Tulijaribu mpaka shuka zikaanza kupata baridi. Mwisho Fataki akamkumbatia begani, akasema, "Basi, kesho kutwa utacheza ulivyo. Ila dada, mimi nitakushinda, usinune."

"Nuna wewe," Shangazi akamjibu.

Uwanja wa majaribio ulikuwa mkubwa, nyasi zimekatwa zikawa kama zulia, na ukimya wake ulikuwa wa kanisani. Mwisho wa uwanja, nyuma ya mahali anapotokea mrushaji, lilisimama pazia jeupe, kubwa kama upande wa nyumba, limewambwa kwenye fremu. Kazi yake ni kumsaidia mpigaji auone vizuri mpira mwekundu. Klabuni kwetu halipo. Kwetu nyuma ya mrushaji kuna ukuta wa ghala wenye matangazo ya betri. Kabla ya mechi Shangazi alilifuata lile pazia hadi kule, akalishika ukingo kwa vidole viwili.

"Limefuliwa vizuri," akasema akirudi. "Wanga umezidi kidogo, lakini vizuri."

Kocha wa jimbo alikuwa mtu mrefu mwenye miwani ya jua na tabia ya kupiga miayo bila kuziba mdomo. Nilikaa nyasini nyuma ya kiti chake, karibu kiasi cha kusikia anachomwambia mwenzake. Shangazi na Fataki walipangwa kuingia pamoja, kila mmoja kwenye ncha yake. Wakatembea kwenda katikati, wamevaa nyeupe wote wawili, wakizidi kuwa wadogo, mpaka nikashindwa kuwatofautisha.

Muda si muda nikawatofautisha. Fataki aliupiga mpira wake wa kwanza kabisa ukapita kati ya watu kama samaki anayeponyoka, na Kocha akainuka nusu kwenye kiti. Kisha ikawa zamu ya Shangazi. Tok. Kocha akakaa. Tok. Akanyoosha miguu. Ikawa hivyo asubuhi nzima, Fataki akiwasha, Shangazi akizima. Mawingu madogo yalipita juu yetu na vivuli vyake vikatambaa uwanjani, vikamfunika Shangazi, vikamfunua, naye hakubadilika. Kocha akapiga mwayo mrefu kiasi kwamba na mimi ukaniambukiza.

"Huyu wa kushoto ni mzuri," akamwambia mwenzake, "lakini."

Nililisikia kwa masikio yangu. Nikajikuta nimeng'oa nyasi mkono mzima.

Ndipo ukaja mpira ule. Mrushaji alikuwa kachoka, akaurusha mlegevu, wa juu, mnene, ukaja ukielea kama tunda unaloletewa kwenye sahani. Hata mimi ningeupiga. Shangazi alisogeza mguu mbele, gongo likaanza kushuka, nikaona mwili wake wote umekubali. Halafu gongo likasimama. Tok. Mpira ukaanguka miguuni pake, ukafa.

Watu wakaguna. Kocha akasema, "Sasa huo nao?"

Ukaja mwingine wa namna ileile. Akafanya vilevile. Hapo Fataki akaiacha ncha yake, akamfuata katikati. Waliyosemezana niliyapata baadaye kwa Fataki, ambaye hawezi kusimulia bila kuigiza sauti zote mbili.

"Dada, una nini leo? Mpira unakuja umekupigia magoti!"

"Pazia."

"Pazia gani?"

"Lile pale. Jeupe lile. Nikiuachia mpira unakwenda moja kwa moja kwenye pazia."

Fataki anasema alimtazama usoni kuhakikisha kwamba si utani. Haukuwa utani. Shangazi alikuwa anatoka jasho la mtu anayeshikilia kitu kizito.

"Kwani pazia ni la mama yako?"

"Wewe unajua alama ya mpira mwekundu inavyotoka kwa taabu? Nani atalifua?"

"Nitalifua mimi!" Fataki akafoka. "Mimi, kwa mikono hii hii, na wewe ukae unitazame! Umeridhika? Sasa piga, mwanamke, kabla sijakupiga wewe!"

Kutoka nilipokuwa niliona tu Fataki anatupa mikono hewani, na mwamuzi anawahimiza warudi kwenye ncha zao. Shangazi akarudi kwenye mstari. Akagonga gongo chini, akainua macho. Alilitazama lile pazia muda mrefu, kama mtu anayeomba radhi mapema.

Mrushaji akaja. Mpira haukuwa mlegevu safari hii, ulikuwa mzuri tu, wa kawaida, wa kuzuiwa. Mguu ukasogea mbele, kichwa kikainama, gongo likashuka wima kama linavyoshuka kila siku, likaukuta mpira chini ya macho yake. Lilikuwa pigo lilelile. Nalijua, nimelala mbele yake mara nyingi. Tofauti ni kwamba safari hii hakulikatisha. Gongo liligusa na likaendelea, likapanda polepole, ilionekana polepole, likapita kifuani, likapita bega, mpaka mikono yote ilikuwa juu na Shangazi amenyooka chini yake kama moto wa mshumaa pasipo upepo. Sikusikia sauti. Mpira ulipita juu ya kichwa cha mrushaji, naye akainama akiwa amechelewa, ukaenda ukienda, mdogo, mwekundu, hauna haraka, na ukaingia katikati ya ule weupe. Pwaa.

Alama ikabaki pale, duara jekundu, saizi ya ua.

Kocha alivua miwani. Watu walisimama, ila makofi yalichelewa, kana kwamba kila mtu alisubiri mwenzake amhakikishie kwamba imetokea. Naye Shangazi, badala ya kushangilia, alinyoosha mkono kuelekea kwenye pazia, kiganja wazi. Mwamuzi akadhani anaomba maji, akaita maji yaletwe.

Baada ya hapo sikulala tena. Mpira mzuri ukija aliuzuia kama kawaida yake, tok, kimya, lakini sasa kimya chenyewe kilikuwa kimejaa, maana ulijua gongo lile linaweza kwenda. Na mpira mbaya ukija lilikwenda. Si kila mara, na halikwenda kwa madoido. Hakuzungusha gongo kidoleni, hakuruka. Ilikuwa jambo moja alilolifanya maisha yake yote, limeruhusiwa kufika mwisho. Nilijiuliza kama wakubwa wote wa mchezo huu wako hivyo, kama mbwembwe zao si kitu walichoongeza bali ni kitu walichoacha kukizuia. Sijui. Fataki yeye hazuii chochote, na ni mzuri kupita kiasi.

Fataki aliona makofi yamehamia ncha ya pili. Alitaka yarudi. Akaupiga mpira juu, juu sana, ukasimama angani kwenye mwanga kama hauna mpango wa kushuka, na kila mtu akautazama vinywa wazi, pamoja na msichana aliyekuwa chini yake mikono imekusanywa. Ukashuka. Akaudaka. Fataki akatoka akizungusha gongo, akitabasamu kwa kila mtu, na aliponipita niliona tabasamu halijafika machoni.

Shangazi alibaki mpaka mechi ilipoisha. Walioingia naye wakatoka, wengine wakaingia wakatoka. Hakuna aliyemtoa.

Kocha alimfuata alipokuwa amekaa nyasini, miguu imenyooshwa, bado kavaa kinga za miguu.

"Mama, ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Nilikuwa palepale," Shangazi akasema. "Wewe ulikuwa unapiga miayo."

Kocha akacheka, halafu akaacha kucheka, halafu akasema wanamtaka wiki ijayo, mazoezi ni asubuhi, aje na viatu vizuri kuliko hivyo. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Hakuinuka. Kocha alipoondoka, alijaribu kufungua mikanda ya kinga zake na vidole vikakataa kabisa. Nikataka kumsaidia, lakini Fataki alinitangulia. Alipiga magoti mbele yake, akaanza kufungua mkanda mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa vidole vyake vya kusukia, kichwa kimeinama ili uso usionekane.

"Nilitaka iwe mimi," akasema.

"Najua."

"Nilitaka sana, dada."

"Najua. Hata mimi nilitaka iwe mimi."

Fataki akainua uso, machozi yanatiririka, na hapo hapo kicheko kikamtoka kwa pua. Shangazi naye kikamshika. Kilikuwa kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha ovyo, kilichopanda na kushuka bila mpangilio. Waliangukiana mabegani, kinga moja imefunguliwa na nyingine bado, na timu zilizofuata zikalazimika kuwazunguka ili kuingia uwanjani.